Mkuu Akiondoka, Ofisi Yabaki na Nini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi juu ya uongozi katika ofisi za Serikali, yaani uongozi ufaao na udumuo. Neno hilo la pili, kudumu, ndilo tulilochagua kulishikilia leo. Juu ya neno la kwanza yamekwisha semwa mengi: kwamba kiongozi awe mwaminifu, aje kazini mapema, asipokee rushwa, asiwafokee watu. Yote hayo ni kweli, wala hapana mtu katika chumba hiki ambaye hajayasikia. Lakini liko swali moja lisiloulizwa mara nyingi, nalo ni hili: mkuu mwema akisha ondoka, akahamishwa au akastaafu au akafariki dunia, wema wake wabaki wapi?

Twaliuliza sisi makarani kwa kuwa sisi ndio tubakio. Wakuu huja na kwenda. Karani wa masijala huweza kuwaona wakuu sita au saba wakipita mbele ya meza yake, naye yu pale pale na funguo zile zile. Aona mambo mawili ambayo mkuu mwenyewe hayaoni, maana hakuwapo kabla ya kuja kwake na hatakuwapo baada ya kwenda kwake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ofisi zetu aghalabu mgeni akija mwenyeji huugua. Mkuu mpya huingia na shauri jipya. Madaftari yaliyoanzishwa na mwenzake hufungwa katikati ya ukurasa. Mkutano uliokuwa kila Jumatatu huhamishwa Ijumaa, kisha husahauliwa. Mwananchi aliyeambiwa, "Njoo mwezi ujao, jambo lako limekubaliwa," huja mwezi ujao akaulizwa, "Umekubaliwa na nani?" Wala mkuu mpya si mtu mbaya. Huenda ni hodari kuliko yule wa kwanza. Ila hapana aliyemwambia neno, na kiti hakina ulimi.

Jambo hili si geni, na waliotutangulia walilitafutia dawa. Wakati Waingereza walipotawala Tanganyika, kila Boma lilikuwa na kitabu kikubwa kilichoitwa Kitabu cha Wilaya. Ndani yake Bwana Shauri aliandika habari za watu wa wilaya yake: nasaba za watemi na majumbe, desturi za ndoa na urithi na ardhi, hesabu ya watu, njia na masoko. Vitabu hivyo vimehifadhiwa, na wanachuo wa historia huvisoma hata leo. Sababu ya kuviandika ilikuwa wazi. Bwana Shauri hakukaa sana mahali pamoja. Muda wake ukiisha alikwenda likizo Ulaya, na aliporudi huenda alipelekwa wilaya nyingine, pengine mwisho mwingine wa nchi. Kwa hiyo, zaidi ya kitabu, palikuwa na hati ya makabidhiano. Aliyeondoka alimwandikia anayekuja: kesi hii imefika hapa, daraja lile limeahidiwa, mtemi fulani na mwenzake wana ugomvi wa mpaka, jihadhari.

Twaisifu desturi hiyo bila kusifu utawala ule wenyewe. Mwizi akiwa na kufuli zuri, kufuli ni zuri. Walakini tazameni kasoro yake, maana ndiyo itakayotufikisha katika kiini cha maneno yetu. Elimu ile iliandikwa kwa Kiingereza, na mzungu alimwandikia mzungu. Ilipita juu ya vichwa vya watu waliokuwa ndani ya ofisi ile ile. Aliyetafsiri barazani alikuwa Mwafrika. Aliyelijua jalada lilipo alikuwa Mwafrika. Aliyekumbuka ahadi ya miaka kumi iliyopita alikuwa Mwafrika, karani au tarishi. Lakini mrithi wa kiti alikuwa melini, baharini, hajawahi kuiona wilaya ile.

Matokeo yalionekana siku ya hesabu. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vyeo vya juu na vya kati katika utumishi wa Serikali vilikuwa kama 4,450, na wenyeji waliovishika hawakufika 1,200. Yaani utawala uliokuwa na vitabu vizuri namna ile, na hati za makabidhiano zilizopangwa kwa tarehe, ulikuwa umeandaa mtu mmoja kwa kila viti vinne, na huyo mmoja wengi wao walimpata katika miaka michache ya mwisho. Mwaka 1962 ikabidi iundwe tume ya kuharakisha kuwapa wenyeji madaraka. Wakapanda watu ambao jana walikuwa wakipokea amri, na leo yawapasa kuzitoa, bila kipindi cha katikati cha kukaa kando ya mkubwa na kutazama afanyavyo. Wengi walifaulu, nasi twawastahi sana. Lakini walifaulu kwa jasho ambalo lingaliweza kupunguzwa.

Hapa hatuna budi kumtaja Bwana Martin Kayamba, maana vyama kama hiki chetu vina deni kwake. Alikuwa karani wa Serikali huko Tanga, na mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na baadaye alipewa cheo kikubwa katika ofisi kuu ya Serikali huko Dar es Salaam, cheo kisichokuwa na mwenzake miongoni mwa Waafrika wa Tanganyika wa siku zile. Mtu akisoma habari zake hufurahi. Lakini mtu mmoja kupandishwa si ngazi. Ngazi ni kitu anachoweza kupanda wa pili na wa tatu baada ya wa kwanza kwenda zake, na ngazi hiyo haikujengwa wakati ule.

Basi tumeona karatasi bila watu. Sasa twendeni kwa jirani, Uganda, tukaone ofisi moja iliyojaribu kuwa na vyote viwili. Twaichagua kwa sababu ni shirika la Serikali, halikuuzwa. Na kwa sababu mkuu aliyelitengeneza amekwisha ondoka, kwa hiyo swali letu laweza kuulizwa juu yake na kujibiwa kwa mambo yaliyotukia, si kwa matumaini.

Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu la Uganda liliundwa mwaka 1972. Kufikia 1998 hali yake ilikuwa mbaya. Zaidi ya nusu ya watu wa miji liliyoihudumia hawakupata maji yake. Katika kila madebe kumi yaliyosafishwa mtamboni na kutiwa katika mabomba, kama sita hayakuleta fedha: mengine yalivuja, mengine yaliibwa, mengine yalitumiwa bila kuandikiwa ankara. Watumishi walikuwa kama 36 kwa kila wateja 1,000. Wakubwa wa fedha wa nchi za nje walikuwa wakisema, kama walivyosema kila mahali katika miaka ile, kwamba dawa ni kuliweka mikononi mwa watu binafsi. Na kwa mji wa Kampala dawa hiyo ilijaribiwa: kampuni ya Gauff ya Ujerumani ilipewa mkataba wa kazi ya huko hata 2001, kisha Ondeo ya Ufaransa kutoka 2002 hata 2004.

Mwezi wa Novemba 1998 akawekwa mkurugenzi mpya, Dakta William Muhairwe. Hakuwa mhandisi wa maji. Alikuwa mtu wa elimu ya uchumi. Mwezi wa Februari 1999 akatangaza mpango wa siku 100. Kila ofisi ya mji ikapewa mambo machache ya kutimiza katika siku hizo: kuongeza makusanyo, kupunguza matumizi, kuziba mabomba yavujayo, kujibu malalamiko ya wateja.

Tungaliishia hapo, tungekuwa tumesimulia habari ya moto wa mabua. Ni nani asiyezijua siku 100 za mkuu mpya? Karatasi hubandikwa ukutani, hotuba husomwa, na siku ya 101 watu hurudi katika mwendo wao. Kilichofanya habari ya Kampala iwe na maana ni yale yaliyofuata. Siku 100 zilipokwisha ukaanza mpango mwingine, na huo ulipokwisha ukaja mwingine, kila mmoja ukiwa na mwanzo na mwisho, na kila mmoja ukijengwa juu ya yale yaliyoonekana katika ule wa kwanza. Kisha yakaanza kuandikwa mapatano, na hapa twaomba masikio yenu.

Mwaka 2000 shirika na Serikali ya Uganda walitia sahihi mkataba wa kazi wa miaka mitatu. Si shirika peke yake lililofungwa. Serikali nayo ilifungwa: wizara zake, kambi zake na hospitali zake zilipe ankara za maji kama mteja mwingine yeyote, na madeni ya zamani ya shirika yasidaiwe kwa wakati ule. Wenzetu mliokaa katika ofisi za mapato mwalijua neno hili. Mdaiwa mgumu kuliko wote ni Serikali yenyewe, kwani nani atakwenda kumfungia bomba mkuu wa polisi? Mkuu wa shirika aliyeambiwa akusanye fedha, huku wadaiwa wakubwa hawagusiki, ni kama mtu aliyetumwa kuteka maji kwa tenga.

Kisha mkurugenzi naye akawafanyia walio chini yake kama yeye alivyofanyiwa. Makao makuu yakafanya mapatano na kila ofisi ya mji. Mkataba wa Ondeo ulipokwisha mwaka 2004 haukurefushwa. Badala yake watumishi wa Kampala wenyewe wakapewa kazi ile kwa mapatano ya ndani, na miji mingine vivyo hivyo. Meneja wa mji na wenzake waliandika jinsi watakavyoiendesha kazi yao, wakaitetea mbele ya makao makuu, wakatia sahihi. Wakitimiza, walipata nyongeza juu ya mshahara. Wakishindwa, sehemu ya malipo yao ilikatwa. Na madaraka waliyohitaji, ya kununua vifaa na kupanga watu wao, walipewa. Neno hili la mwisho ndilo lisahauliwalo na wengi wanaopenda kuiga mikataba ya kazi: humpa mtu wa chini lawama yote ya mkataba, na kalamu ya kutia sahihi wakaiacha makao makuu.

Kwa kuwa hesabu iliandikwa na mtu mwenye kutazamia malipo, ilibidi ichunguzwe. Basi wakawekwa wakaguzi waliokwenda ofisi za miji bila kutangaza siku, wakatazama si jumla ya fedha tu, bali namna kazi yenyewe ilivyofanywa: je, ofisi ni safi, barua za wateja zajibiwa, rejesta zaandikwa? Mwenye kuujua ukarani ataona kwamba huo ndio ukaguzi wa kweli. Jumla yaweza kupikwa usiku mmoja. Rejesta ya miezi sita yapikika kwa shida sana.

Yakatokea nini? Wateja, waliokuwa kama 50,000 mwaka 1998, walipita 200,000 kabla ya 2010. Maji yasiyolipiwa yakashuka kutoka madebe sita katika kumi hata kati ya matatu na manne. Tangu 2004 shirika lilibeba lenyewe gharama ya bomba la kumwunganisha mteja mpya aliye karibu, hata meta 50, ndipo watu wengi wa kipato kidogo walipoweza kuingia. Na watumishi, waliokuwa 36 kwa kila wateja 1,000, walikuwa hawafiki 10 baada ya miaka kumi.

Hesabu hii ya mwisho twaomba tuisome pamoja polepole, maana katika chama cha watumishi haifai ipite hivi hivi. Wapo walioondolewa kazini katika miaka ya kwanza, na maumivu ya nyumba zao hayaonekani katika jedwali lolote. Lakini pigeni hesabu wenyewe. Watu 36 kwa kila 1,000, mara 50, ni watumishi 1,800. Hata wangekuwa 7 tu kwa kila 1,000, wateja wakiwa 200,000, hao ni watumishi 1,400. Basi sehemu kubwa ya badiliko lile haikutokana na kupunguza watu, bali na kuzidisha wateja mara nne. Wale wanaotuambia kwamba kutengeneza ofisi ni kufukuza makarani wamesoma jedwali upande mmoja. Twawaomba viongozi wa chama waichukue hesabu hii mezani, siku watakapoitwa kuzungumza juu ya kupunguza watu.

Sasa swali letu. Dakta Muhairwe aliondoka mwaka 2011. Je, shirika lilianguka?

Halikuanguka. Kutoka 2011 hata 2013 kiti kilishikwa kwa ukaimu, kipindi ambacho katika ofisi nyingi kingetosha kubomoa yote. Lakini mapatano ya miji yalikuwa na tarehe zake, na wakaguzi walikuwa na ratiba yao, na meneja wa mji hakuwa akingoja kuambiwa kila asubuhi la kufanya. Mwaka 2013 akawekwa Dakta Silver Mugisha. Naye hakutoka mbali. Miaka yote ile alikuwa humo humo ndani, mkuu wa idara iliyoitengeneza mikataba hiyo na kuiangalia. Yeye na wenzake walikwisha tumwa hata kuwafundisha watu wa mashirika ya maji ya nchi nyingine za Afrika, Tanzania ikiwamo. Na mtu hujua jambo vizuri siku anapolazimika kumfundisha mgeni. Wakati wake shirika lilitoka katika miji kama 23 likafika zaidi ya 200. Tusilifanye kuwa la malaika: miji mingi midogo hailipi gharama zake yenyewe, maji hukatika, na watu wa huko hulalamika kama watu wa kila mji. Twasema tu kwamba mkuu aliondoka na kazi ikaendelea, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Mkilinganisha habari hizi mbili mtaona tofauti. Boma lilikuwa na kumbukumbu, lakini warithi hawakuwamo nyumbani. Kampala ilikuwa na kumbukumbu, na warithi walikuwa wakikua chini ya dari lile lile, wakibeba madaraka ya kweli katika miji midogo kabla ya kubeba makubwa. Mtu aliyeuendesha mji mmoja kwa mkataba, akapata faida na hasara ya uamuzi wake, ni mkuu nusu tayari. Mtu aliyekaa miaka ishirini akiandika "Naomba maelekezo" chini ya kila barua, hata akipewa kiti, ataendelea kuomba maelekezo.

Na hapa twafika kwetu. Twataka kusema kidogo juu ya ukaimu, maana ni ugonjwa wa siku zetu. Katika Tanzania taratibu za utumishi zasema mtu asikaimu zaidi ya miezi 6. Mwajua ninyi wenyewe mara ngapi miezi hiyo huzidi, ikawa mwaka, ikawa miwili. Kaimu ana mzigo wote wa mkuu bila jina lake. Hathubutu kukata shauri zito, kwani kesho huenda atarudi kuwa sawa na hao anaowaamuru leo. Wala hathubutu kuliacha, kwani ataambiwa hafai kuthibitishwa. Basi huandika barua juu ya barua. Ofisi hukaa katika hali ya kungoja, na kungoja kwa ofisi ni kungoja kwa mjane mwenye madai ya marehemu mumewe, na kwa mwalimu anayetaka uhamisho. Kwa maoni yetu, heri mkuu wa wastani aliyethibitishwa kuliko hodari aliyeachwa akikaimu mwaka wa tatu.

Juu ya fomu hatutasema mengi. Tangu 2004 watumishi wa Tanzania walijaza fomu za OPRAS za kupima kazi zao, hata mfumo wa kompyuta wa PEPMIS ukaja kushika mahali pake. Fikira ya fomu ile ilikuwa njema: mkuu na aliye chini yake wapatane mwanzo wa mwaka juu ya kazi, kisha waitazame pamoja. Lakini mahali pengi ilijazwa mwezi wa mwisho, kwa haraka, mkuu akitia alama bila kuinua macho, na alama njema haikuleta kitu wala mbaya haikuondoa kitu. Kompyuta haitaponya ugonjwa huo ikiwa mazungumzo yenyewe ya mkuu na mtumishi hayapo.

Mtasema, "Hayo yote ni ya wakubwa, sisi wapiga chapa na makarani wa masijala tutafanya nini?" Tutafanya mengi, na mojawapo halihitaji kibali cha mtu. Wako miongoni mwetu wanaolificha jalada. Twajua sababu yake, nayo si uovu bali ni hofu: karani aona kwamba siku watu wote watakapojua jalada liko wapi, yeye hatahitajiwa tena. Kwa hiyo elimu ya ofisi huiweka kichwani mwake, na ofisi nzima husimama siku anapoumwa na homa. Huyo ni mkuu yule yule tuliyemlaumu, ila kiti chake ni kifupi. Hukaa juu ya elimu kama mkuu anavyokaa juu ya madaraka, na akistaafu huondoka nayo. Karani aliyewafundisha wenzake wawili kazi yake hakupungua; huyo ndiye awezaye kupandishwa, kwa maana pale alipo pana wa kumrithi. Mara ngapi tumesikia ikisemwa, "Fulani anastahili cheo, lakini hatuwezi kumwondoa pale, hapana mwingine ajuaye kazi ile"? Amejifungia mlango kwa mkono wake, akadhani anajilinda.

Kwa hiyo twatoa shauri moja, wala si kubwa. Kila mwanachama, awe mhazini au karani wa masijala au mlinda ghala, aandike hati ya makabidhiano ya meza yake sasa hivi, asingoje barua ya uhamisho. Barua ile hufika Ijumaa, nayo yataka uripoti Jumatatu mahali pengine, na hapo hapana atakayeandika la maana. Hati iwe kurasa mbili au tatu. Yaandikwe mambo yaliyo njiani, na kila jambo limefika wapi. Ziandikwe ahadi: nani aliahidiwa nini, tarehe gani, na nani aliyeahidi. Madeni yaandikwe, yetu kwa watu na ya watu kwetu. Zaidi ya yote iandikwe sababu. Majalada yetu yamejaa maneno "Imekubaliwa" na "Imekataliwa," na mara chache sana utaona kwa nini. Mkuu mpya akikuta neno bila sababu yake hulivunja, kwani haoni linasimama juu ya nini. Akiikuta sababu, hata kama hakubaliani nayo, atafikiri kwanza. Hati hiyo itazamwe upya kila miezi mitatu, na nakala yake ikae mahali ambapo mwenzako anapajua.

Twajua wako wakuu watakaouliza, "Nani aliyewaamuru kuandika haya?" Jibu ni kwamba hapana aliyeamuru, na hapana kanuni iliyokatazwa kwa kuyaandika. Mambo ya siri yabaki katika majalada ya siri. Hati hii haitaji majina ya washitakiwa wala mishahara ya watu. Mkuu akiiomba, apewe. Huenda yeye mwenyewe akatamani kuwa na ya kwake.

Halmashauri imekubali kwamba matawi yatakayoanza yalete habari katika mkutano ujao: wangapi wameandika, wangapi wameshindwa na kwa sababu gani, na kama yuko mtu aliyehamishwa katika muda huo, aliyemfuata aliikuta meza katika hali gani. Bwana Katibu ana karatasi za mfano, zilizopigwa chapa pamoja na gazeti hili. Tawi lisilopata za kutosha na linakili kwa mkono. Na sasa, Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, mwenye swali na aulize.